Jimbo Letu Ni la Ngapi?

Siku moja, baada ya somo la jiografia, mwanafunzi wa darasa la sita hapa Baraka aliinua mkono. Tulikuwa tumekwisha kutaja majimbo yote 26 ya nchi yetu, kuanzia Kongo ya Kati iliyo karibu na bahari, mpaka Ituri na Tanganyika yaliyo upande wetu wa mawio ya jua. Mtoto akauliza: “Mwalimu, jimbo letu ni la ngapi?” Wenzake wakacheka, kwa kuwa ndiye yule ambaye kila mwisho wa muhula hukimbilia orodha ya mtihani kabla ya wote. Tukamwambia kwamba tutamjibu kesho. Ile kesho, ndugu msomaji, imetuchukua miezi kadha, na jibu tulilolipata si namba moja.

Swali lake lastahili heshima. Watu wazima nao huliuliza, ingawa kwa maneno mengine, wakiwa wamekaa pwani wakingoja mitumbwi, au baada ya Misa Takatifu, chini ya mwembe. Je, wenzetu wa Kinshasa, wa Lubumbashi, wa Kananga, waishi kama sisi? Watoto wao hupona kuliko wetu? Tumesahauliwa sisi peke yetu, au nchi yote ni hali moja? Mmoja hujibu kwamba hapa Fizi tuna samaki, tuna mihogo, tuna dhahabu kule Misisi, basi hatuna sababu ya kumwonea mtu wivu. Mwingine hujibu kwamba sisi tu wa mwisho katika kila jambo. Wote wawili husema kwa nguvu, na hakuna aliyeshika hesabu mkononi.

Tuanze basi na hesabu yenyewe, maana hapo ndipo penye shida ya kwanza. Mara ya mwisho watu wa nchi hii kuhesabiwa wote, kichwa kwa kichwa, ilikuwa tarehe 1 Julai 1984. Wakati ule walionekana kuwa kadiri ya milioni 30. Leo wataalamu hukisia zaidi ya milioni 100. Nalo jimbo la Kivu ya Kusini lilizaliwa mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa sehemu tatu, yaani Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Fikiri basi: jimbo letu, tangu kuzaliwa kwake, halijahesabiwa hata mara moja. Mwalimu atawezaje kumpa mwanafunzi nafasi yake, naye hajui darasani mna wanafunzi wangapi?

Kwa kukosa hesabu ya wote, wataalamu hutumia njia ambayo kila mama mpishi aijua. Mama hali sufuria nzima ili apate kujua kama chumvi imekolea. Huchota kijiko kimoja, akaonja. Ndivyo wafanyavyo hao. Huchagua vijiji na mitaa michache katika kila jimbo, huingia nyumba kwa nyumba, huuliza na kupima, kisha hukisia hali ya wote kwa hali ya wachache. Katika uchunguzi mkubwa wa watu na afya wa miaka ya 2013 na 2014 waliingia katika nyumba zaidi ya 18,000 nchini kote. Njia hiyo ni ya kweli, wala tusiidharau. Lakini mama mpishi hukoroga kwanza ndipo aonje. Na nchi haikorogeki. Chumvi ya Bukavu haifiki Lulenge. Jambo hili tutalirudia.

Tutazame kwanza umaskini. Katika hesabu ya mwaka 2005, watu 71 katika kila 100 wa nchi hii walionekana kuwa maskini, yaani hawakuweza kujipatia chakula na mahitaji yasiyoepukika. Wakati ule majimbo yalikuwa 11. Equateur ilikuwa na maskini 93 na zaidi katika 100, Bandundu 89, nayo Kivu ya Kusini 84 na zaidi. Sisi tulikuwa basi wa tatu kutoka chini. Kinshasa walikuwa 41 na zaidi. Na Katanga, nchi ya shaba, ambayo vijana wengi waiota ndoto, ilikuwa na maskini 69 katika 100, karibu sawa na nchi nzima. Huku Maniema, isiyo na barabara wala reli ya maana, ikiwa na 58. Yule asemaye kwamba dhahabu ya Misisi yatosha kutufanya matajiri, na atafakari juu ya shaba ya Katanga. Mali iliyo chini ya ardhi si mali iliyo ndani ya nyumba.

Tangu siku zile mambo yamebadilika, na hesabu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba umaskini wa nchi nzima umeshuka hadi 63 katika 100. Wataalamu wa Benki ya Dunia, kwa kipimo chao cha wakati ule cha dola 2 na senti 15 kwa siku, walikisia mwaka 2024 kwamba karibu robo tatu ya watu wa Kongo wako chini ya kiwango hicho. Msomaji asishangae kuona namba zinazopanda na kushuka hivi. Kila kipimo kina kamba yake, na anayepima kwa kamba fupi hupata shamba kubwa. Tunachoweza kushika ni hiki: nchi yetu yote ni maskini, na sisi hatumo miongoni mwa walio afadhali.

Lakini fedha si jambo lililotukosesha usingizi. Lililotukosesha usingizi ni watoto.

Uchunguzi ule wa 2013 na 2014 uliwauliza akina mama habari za kila mtoto waliyemzaa: yu hai, au amekufa, na kama amekufa, alikuwa na umri gani. Katika nchi nzima, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 104 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Katika Kivu ya Kaskazini, jirani zetu, walikufa 65, nayo ilikuwa namba ndogo kuliko zote nchini. Katika Kivu ya Kusini walikufa 139. Hiyo ilikuwa namba kubwa kuliko zote nchini. Hapo, mwanafunzi wetu, jibu lako ni wazi: wa kumi na moja katika majimbo 11.

Tuliisoma mara tatu. Kivu mbili, zilizokuwa jimbo moja mpaka 1988, zilizopigwa na vita vile vile vya 1996 na 1998, zenye udongo unaofanana na milima inayoonana. Moja ya kwanza, moja ya mwisho. Basi wale wanaosema “ni vita tu” hawajajibu kitu. Vita vimeua wengi, hatukatai. Kule Makobola, katika teritwari yetu hii ya Fizi, mwisho wa mwaka 1998 na siku za kwanza za 1999, mamia ya watu waliuawa, na wazee wetu hawajaacha kuomboleza. Lakini mtoto wa miaka 2 afaye kwa malaria, au kwa kuhara, mahali ambapo dawa iko mwendo wa siku moja na mto hauna daraja, huyo hakuuawa na risasi. Sisi twaona kwamba sehemu ya tofauti ile imo katika nchi yenyewe: kando ya ziwa Tanganyika na katika bonde la Ruzizi kuna joto na mbu, na kipindupindu kimekuwa mwenyeji wa pwani yetu, kutoka Uvira hadi Baraka, miaka mingi. Sehemu nyingine imo katika barabara na katika nyumba za waganga.

Namba ya pili ni ya kudumaa. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye kimo chake ni kifupi mno kuliko umri wake, si kwa sababu ya ukoo wake, bali kwa sababu mwili wake haukupata cha kujengea. Jambo hili huanza tumboni mwa mama na kukamilika katika miaka 2 ya kwanza. Baada ya hapo ni vigumu sana kulirekebisha, na akili nayo hupata hasara, hata mwalimu aone darasani bila kujua sababu. Katika nchi nzima, watoto 43 katika 100 walikuwa wamedumaa. Kinshasa, 17. Kivu ya Kusini, 53. Na uchunguzi uliofuata, wa 2023 na 2024, umeonyesha kwamba nchi nzima haikusogea mbele. Ilikuwa 45 katika 100.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo pamoja nasi. Kinshasa hawalimi, isipokuwa bustani chache. Mihogo yao huja kwa lori na kwa mashua kutoka mbali, nao hununua kila kitu, hata mboga. Sisi twalima mihogo, mahindi, karanga, mpunga, twakamua mawese, ziwani mna ndakala na mikebuka. Tena twajisifu kwamba mgeni hawezi kulala njaa Fizi. Imekuwaje basi watoto wa wakulima wawe wafupi kuliko watoto wa wasiolima?

Tulikwenda kuuliza sokoni na nyumbani, wala hatukuhitaji kwenda mbali. Mvuvi arudipo asubuhi, ndakala huanikwa juani, na akina mama wachuuzi huwangoja na magunia. Siku hiyo hiyo samaki wamo safarini, kuelekea Uvira, au kuelekea machimbo ya dhahabu ambako wachimbaji hulipa vizuri. Karanga ni hivyo hivyo. Maharagwe ni hivyo hivyo. Kinachobaki nyumbani ni bugali wa mihogo na sombe, na pengine mawese. Unga wa mihogo hushibisha, nasi twaupenda, lakini ndani yake chakula cha kujenga mwili, kile kiitwacho protini, ni kidogo sana. Mtoto hushiba, tumbo limejaa, halii. Nao wazazi husema mtoto wetu ana afya. Samaki aliyeuzwa amekuwa ada ya shule ya kaka yake, au sabuni, au nguo ya sikukuu. Hatuwalaumu wazazi, kwa maana twajua kwamba mwenye mfuko mtupu hana uchaguzi mwingi. Lakini lazima tuseme kweli: mara nyingine fungu la baba, mezani, lina samaki watatu, na la mtoto lina mchuzi.

Kisha kuna kazi za mama. Yeye hulima, hubeba mihogo kutoka shamba la mbali, huiroweka, huianika, huitwanga, huchota maji, hutafuta kuni. Mtoto mchanga huachwa na dada yake wa miaka 7, ambaye humpa maji ya mtoni anapolia. Maji hayo huleta kuhara, na mtoto aharaye kila mwezi hawezi kukua hata akilishwa nyama. Kwa hiyo, msomaji, kudumaa si njaa peke yake. Ni maji, ni mzigo wa mama, ni mtoto wa pili kuja kabla wa kwanza hajaacha kunyonya. Kinshasa nao wana dhiki zao kubwa, lakini hospitali iko karibu zaidi, na chakula chao, ingawa kidogo, kina mchanganyiko.

Tulisema tutarudi kwenye chumvi. Hizo namba zote ni za Kivu ya Kusini nzima: Bukavu imo, Idjwi imo, Shabunda imo. Teritwari ni 8, na Fizi ni moja tu. Lakini yenyewe ina kilomita za mraba 15,788, karibu robo ya jimbo, na zaidi ya nusu ya ukubwa wa nchi ya Burundi. Wastani wa jimbo huchanganya mtoto wa mwalimu wa chuo kikuu wa Bukavu na mtoto wa mchimbaji wa Ngandja, halafu hutoa mtoto mmoja ambaye haishi popote. Ndani ya Fizi yenyewe, anayekaa Mboko, penye barabara kuu, si sawa na anayekaa Ubwari, ambako mtumbwi ndio gari. Wala huyu si sawa na yule wa Lulenge, ambaye mvua zikinyesha hutengwa na dunia.

Barabara ile ya Uvira hadi Baraka ni kadiri ya kilomita 90. Katika nchi nyingine msafiri huimaliza kabla ya chai kupoa. Huku, wakati wa masika, wapo waliolala njiani, na wapo akina mama waliojifungulia njiani. Mito yetu hushuka kutoka milima ya Itombwe kwa ghadhabu. Mwezi Mei 2025, usiku mmoja, mafuriko yalikipiga kijiji cha Kasaba, katika sekta ya Ngandja, na wakubwa wa serikali walitaja watu zaidi ya 100 waliokufa.

Habari ya hospitali nayo ni ya uchungu. Tangu mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walisaidia hospitali ya Baraka, na wagonjwa walitibiwa huko bila malipo. Mwishoni mwa mwaka 2020 watumishi wao walishambuliwa, na mwezi Mei 2021 shirika hilo lilitangaza kwamba laacha kazi yake Fizi. Waliowashambulia hawakuwa watu wa Kinshasa. Twaandika neno hili kwa aibu, kwa sababu tukilalamika kwamba taifa limetusahau, yafaa pia tukumbuke wale ambao hawakutusahau, nasi tukashindwa kuwalinda. Tarehe 28 Novemba 1964, hapa Baraka na kule Fizi, waliuawa Bruda Vittorio Faccin, Padre Luigi Carrara, Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert, ambao tarehe 18 Agosti 2024 Kanisa liliwatangaza Wenye Heri, katika Misa iliyoadhimishwa na Kardinali Ambongo mjini Uvira. Tuliimba sana siku ile.

Kadhalika, teritwari hii maskini imekuwa mwenyeji wa watu. Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 2015 walipokelewa Lusenda. Watu wetu nao, tangu 1996, walivuka ziwa kwenda Tanzania, na wengi wao wamezaa na kulea watoto katika kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2025 Bukavu ilitwaliwa na waasi wa M23 mwezi Februari, na Desemba wakaingia Uvira. Wengi wakakimbilia Burundi, na wengine wakashuka huku kwetu, wakalala katika madarasa na makanisa. Watu hao nao hula kutoka sufuria ile ile. Hakuna hesabu ya majimbo yenye safu ya ukarimu; kama ingekuwapo, twadhani hatungekuwa wa mwisho.

Sasa neno juu ya haki. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 175, yasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni fungu la majimbo, nalo likatwe pale pale yanapokusanywa. Kifungu cha 181 chaweka mfuko wa kusawazisha majimbo, wenye asilimia 10 ya mapato hayo, ili jimbo lililo nyuma lisaidiwe kufika walipo wenzake. Ni maneno mazuri sana, nasi tungependa kila mwanafunzi ayajue kwa moyo. Kwa vitendo, fedha zimekuwa zikipanda kwanza Kinshasa, kisha kurudi kidogo kidogo na kwa kuchelewa. Nayo sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 yasema kwamba miji, mitaa, sekta na usultani zipewe sehemu ya fungu la jimbo, na kwamba igawanywe kwa kutazama mambo matatu: uwezo wa mahali pale wa kuzalisha mali, ukubwa wa ardhi, na idadi ya watu.

Idadi ya watu! Tumezunguka, tumefika tulikoanzia. Sekta za Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge zitadai vipi fungu lao, ikiwa watu wao hawamo katika kitabu? Uchunguzi ule wa 2013 na 2014 ulikuta kwamba, kati ya watoto 100 wa nchi hii wasiotimiza miaka 5, ni 25 tu walioandikwa katika ofisi ya serikali ya hali ya raia. Sisi Wakatoliki tuna desturi ya kuwapeleka watoto kubatizwa, na katika kitabu cha parokia huandikwa jina, wazazi, msimamizi na tarehe. Wazazi wengi hudhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Kitabu cha ubatizo chamhesabu mtoto katika Kanisa, serikali haikisomi. Sheria yawapa wazazi siku 90 tangu kuzaliwa kwa mtoto wamwandikishe katika ofisi hiyo, bila malipo. Siku hizo zikipita, yabidi kwenda mahakamani kuomba hukumu ya hakimu, na huko safari ni ndefu na gharama zipo.

Tulimjibu mwanafunzi wetu siku ya Jumatatu, ubaoni, kwa safu tatu: fedha, vifo, kimo. Tuliandika Kinshasa, Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini. Darasa halikucheka. Yeye akatazama ubao kwa muda, kisha akauliza kama hesabu ile ilimhesabu na yeye. Tulifungua kitabu cha parokia, tukamkuta, na jina la mama yake, na la msimamizi wake aliyekwisha kufariki. Katika ofisi ya hali ya raia hakuwamo. Baba yake ameanza kushughulikia hukumu ya hakimu. Na mdogo wake, aliyezaliwa baada ya Pasaka, ameandikwa siku ya 12.